Ukurasa wa Maalim Kibwana

Mimi si mtu wa kusifu watu ovyo, na walimu wenzangu ndio kabisa. Nimekaa nao ofisi moja kwa muda mrefu, najua nani anakuja kufundisha na nani anakuja kunywa chai. Lakini Madamu Kokushubila nitamsifu leo mpaka mchoke. Atakayeona nimezidisha, aseme, mradi kwanza anisikilize.

Shule yetu iko Mtoni hapa Dar, upande wa ndani ukiiacha Barabara ya Kilwa. Ni sekondari ya kata kama zilivyo nyingine: madarasa yamejaa, madawati yanagombewa, na wanafunzi ni Waislamu na Wakristo, nusu kwa nusu au karibu na hapo. Hakuna aliyewahi kuwahesabu, na Mungu atuepushe na atakayeanza. Siku ya kipindi cha dini wanagawanyika wenyewe, hawa kwa ustadhi, wale kwa mchungaji, kengele ikilia wanarudi kugombea mpira uleule. Mimi nafundisha Historia. Jina langu Twalib, kwetu Kilwa, na hasira zangu zinajulikana mpaka kwa mama muuza vitumbua wa getini.

Madamu Koku, kama tunavyomwita, ni Mhaya wa Muleba, mwalimu wa Kiswahili. Anatembea taratibu, anaongea taratibu, na akikukatalia jambo anakukatalia kwa sauti ileile anayokuombea chumvi. Hilo ndilo lililokuwa likiniudhi kwake. Ukigombana naye unabaki unapiga kelele peke yako, watu wanakushangaa wewe.

Shule ilipopata chumba cha maktaba, yeye ndiye aliyekabidhiwa. Vitabu vya masomo havikuleta shida. Ugomvi ulianza kwenye hadithi. Wazazi waliombwa kikaoni walete vitabu vya hadithi walivyonavyo nyumbani, na wazazi wa huku kwetu ukiwaomba hadithi wanaleta dini. Zikaja riwaya za mabinti waliopotea wakaokoka, za vijana walioacha ulevi wakashika swala, za mashetani yaliyokimbia kwa jina la Yesu na mengine yaliyokimbia kwa Ayatul Kursi. Mkuu wetu wa shule, Mwalimu Augustine, aliutazama ule mrundo mezani kama mtu aliyeletewa nyoka ndani ya kapu.

"Rudisheni vyote," akasema. "Mie sitaki kesi. Maktaba ya serikali haina dini."

"Maktaba haina, Mkuu, lakini wasomaji wanayo," Madamu Koku akajibu. "Na hivi vitabu wanavisoma tayari, chini ya dawati, Mwalimu Benedikto akiwa anafundisha Hesabu. Si bora wavisome mezani tukiwaona?"

Hapo nikadakia. Nikasema kama vinaingia basi viingie sawa kwa sawa, cha kwao kimoja, cha kwetu kimoja, asidhulumiwe mtu. Nilijiona nimenena. Madamu Koku akanigeukia.

"Hiyo ni haki ya mafungu ya nyanya pale sokoni Tandale, Mwalimu Twalib. Fungu lako, fungu langu. Na zikiwa zimeoza je?"

Ofisi nzima ikacheka. Mimi nilinuna.

Ndipo alipoleta utaratibu wake, na mpaka leo sijauona kwingine. Kitabu chochote cha hadithi chenye dini ndani kinasomwa kwanza na mwalimu wa dini nyingine. Huyo anachagua ukurasa mmoja, ule ambao mtu mbaya wa kitabu anaonekana kwa ubaya wake wote. Kisha anausoma kwa sauti mbele ya mwalimu ambaye kitabu ni cha dini yake, lakini anausoma ameugeuza: penye msikiti anasema kanisa, penye padri anasema shehe, penye Yohana anasema Yahaya. Msikilizaji anaulizwa swali moja tu, imekuuma? Ikiwa imemuuma, basi na yule mwenzake imemuuma bila hata kugeuzwa, na kitabu kinarudishwa kwa mwenyewe kwa asante na heshima. Wenyewe tukaiita kazi hiyo kugeuza.

"Kitabu kimsifu Mungu wake mpaka koo likauke, sina neno nacho," alituambia. "Ila kisimpake mwenzie matope ili chenyewe kionekane kisafi."

Kitabu cha kwanza kurudishwa kilikuwa changu. Ilikuwa riwaya niliyoipenda tangu ujana, ya kijana wa Kiislamu anayeponea chupuchupu kwenye mikono ya mhudumu wa baa mwenye msalaba shingoni. Mwalimu Benedikto wa Hesabu, Mmakonde wa Ndanda na Mkatoliki wa kufa mtu, ndiye aliyenisomea. Penye Sesilia akasema Mwanahija. Penye msalaba akaweka hijabu. Yule dada akaendelea kumimina bia na kuchezea vifungo vya shati la mlevi, na hijabu yake iko kichwani. Sikungoja amalize. Nilisimama nikamwambia Benedikto achunge mdomo wake.

"Imekuuma?" Madamu Koku akauliza.

"Imeniudhi!"

"Basi tumeelewana," akasema, akakiweka kando.

Nilikaa siku nyingi simsalimii. Nilikwenda hadi kwa Mkuu, nikamwambia huyu mama ana yake, anatoa vya kwetu kwa ujanja na vya kwao vitapita kimyakimya. Mkuu akaniambia ningoje nione. Nikangoja, tena kwa hamu mbaya, kama mtu anayengoja jirani ateleze kwenye tope. Lakini vya kwao navyo vikaanza kurudi. Kile cha jini lililovaa kanzu na baraghashia kilirudi. Kile cha binti aliyeteswa na mume mwenye ndevu kilirudi pia, na mwenye nacho alikuwa mwenyekiti wa jumuiya kwenye kanisa anakosali yeye mwenyewe Madamu Koku. Na vya kwetu vizuri vikawa vinapita, kikiwemo kimoja cha mfungaji wa Ramadhani na jirani yake, ambacho Benedikto alikipeleka nyumbani kwake na mkewe akagoma kukirudisha. Ubishi wangu ukakosa pa kukaa.

Halafu mchana mmoja, wanafunzi wameshatoka, Madamu Koku akaweka mezani kitabu chembamba chenye jalada la kijani.

"Hiki ni cha baba yangu," akasema. "Nawaambia mapema, msije mkasikia nje."

Baba yake tulikuwa tunamjua kwa kusimuliwa. Mzee Revelian alikuwa katekista kule Muleba, mtu wa kufundisha watoto mafundisho ya ubatizo na kuzika wazee padri akichelewa. Presha ya macho ilipomshika, binti yake akamleta Dar akae naye Mwananyamala, karibu na hospitali. Jicho moja lilikuwa limeshazima. La pili daktari alikuwa amesema halina muda. Kile kitabu alikiandika kwa mkono wake, miaka na miaka, binti akakichapa kwenye kompyuta, vijana wa Kariakoo wakakitengenezea jalada. Kinaitwa Kengele ya Rwegoshora. Wanajumuiya wa kanisani walikinunua kwa heshima ya mzee, wakakiweka kabatini pamoja na vikombe vya wageni. Yeye hakutaka makabati. Alikuwa akifundisha watoto maisha yake yote, na alichokuwa anaomba kwa Mungu na kwa binti yake kilikuwa kimoja: kabla giza halijaingia, afike shuleni siku ya kufungua maktaba, akione kitabu chake kwa lile jicho lililobaki, kimesimama kwenye rafu ya watoto.

"Mie sipigi kura kwenye hiki," Madamu Koku akasema. "Asome Mwalimu Twalib, Benedikto asikilize."

Lakini Benedikto akapata msiba, akasafiri kwenda Ndanda, na Madamu Bupe, Mkristo mwenzake, alikuwa likizo ya uzazi. Ufunguzi ulikuwa Jumamosi ile. Kati ya walimu tuliopewa kazi ya kugeuza, Mkristo aliyebaki wa kusikiliza akawa yeye mwenyewe. Mkuu akasema kama ni hivyo basi kipite tu, nani atajua. Madamu Koku akasema nikisome.

Nilikichukua kwenda nacho nyumbani na roho yangu ikiwa imekaa vibaya. Nilijiambia leo nimempata. Wahaya na sifa zao, nikasema, mzee lazima amejaza humo majigambo ya migomba na mapadri. Nikafungua nikiwa na kalamu mkononi.

Jamani, yule mzee anajua kuandika. Kuna mtoto anaitwa Rwegoshora, kazi yake kupiga kengele ya misheni alfajiri, na kuna mama yake, ambaye kila akisikia kengele anasema, "Mwanangu ameamka," hata siku anapokata roho. Nilipofika hapo kalamu ilikuwa imeshaanguka zamani. Mke wangu aliniuliza nani kafa. Nikamwambia mama yake Rwegoshora.

Kisha nikafika kisimani. Pale kijijini kuna mtu anaitwa Maalim Kibwana, anayesomesha watoto Kurani mchana na kuuza chumvi kwa baiskeli. Usiku ni mchawi. Anatoa unga mweusi ndani ya msahafu wake, anaumimina kwenye kisima cha misheni, na mdogo wake Rwegoshora anakufa. Mwishoni anaonyeshwa msalaba, anakimbia huku akilia kama fisi. Niliufunga ule ukurasa, nikakaa. Nilikasirika, sitasema uongo. Baadaye nikamfikiria mzee mwenye jicho moja, nikamfikiria na yule mama wa kengele, hasira ikaniishia mikononi. Nikaamua kipite. Mwenye haki ya kukasirika ni mimi, nikajiambia, na mimi nimesamehe.

Kesho yake tulikaa maktabani wawili, yeye upande mmoja wa meza, mimi upande wa pili. Nilifungua ukurasa wa mwanzoni kabisa, pale Kibwana anapopita na baiskeli akiwafokea watoto waliomzibia njia. Nikaugeuza, nikamwita Katekista Valerian, nikausoma haraka.

"Haijauma, eeh?" nikasema. "Kipite."

"Umeruka, Mwalimu Twalib."

"Nimeruka nini?"

"Mie ndiye niliyekichapa. Najua kila mkato uliomo. Fungua pale kisimani."

"Madamu, mzee wako mgonjwa yule."

"Kwani siku ya kitabu chako tulikuuliza nani anaumwa nyumbani kwenu?"

Nikafungua. Nikasoma. Katekista Valerian, aliyefundisha watoto ubatizo mchana kutwa, akaiweka Biblia yake ukingoni mwa kisima. Akaifungua pale palipowekwa alama ya Zaburi. Ndani yake akatoa unga mweusi, akaumimina majini huku rozari ikining'inia mkononi, akacheka. Madamu Koku ni mtoto wa katekista. Amelala akisikia rozari na ameamka akisikia rozari. Nilipoinua uso, machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Imeniuma," akasema. "Na wewe ulipousoma ulivyo, ulisikiaje?"

"Aah, mie nishazoea. Vitabu nimesomaga vingi vya hivyo."

"Hilo ndilo baya zaidi. Wale watoto wetu wa Form Two, kina Hija, bado hawajazoea. Mie nisiwe wa kuwazoesha."

Nikaanza kumbembeleza, mimi, Twalib, niliyekwenda kumshtaki kwa Mkuu! Nikamwambia tuuchane ule ukurasa, nani atauliza. Nikamwambia tukiweke rafu ya juu ambako watoto hawafiki, mzee akione tu, Jumatatu tukitoe. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana hakatizi mtu.

"Kuna kitabu cha mtu mwingine tulichokifanyia hivyo?"

"Hakuna."

"Basi," akasema, akakiingiza kwenye mkoba wake.

Nilimwomba nimsindikize Mwananyamala. Nilihisi mzee akisikia habari ile peke yake na binti yake itakuwa vibaya, na nikadhani nitasaidia kueleza. Tulimkuta amekaa kitini karibu na dirisha, mtu mrefu, amekonda, koti lake la harusi na mazishi limetundikwa mlangoni tayari kwa Jumamosi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu. Karibu. Koku kaniambia wewe ndiye uliyekuwa na kitabu changu."

Kabla sijafungua mdomo, Madamu Koku alikuwa ameshapiga magoti mbele ya kiti.

"Baba, kitabu hakitaingia."

Mzee hakuelewa mara moja. Alinigeukia kwa lile jicho lake. "Ni huyu aliyekikataa?"

"Hapana baba. Huyu alitaka kipite. Hata pabaya aliparuka. Nimekataa mie."

"Wewe! Wewe uliyekichapa?"

"Nilipokichapa nilikuwa mwanao tu, sikuwa nakisoma. Leo nimesomewa." Akamweleza yote, kugeuza ni nini, Katekista Valerian, unga ndani ya Biblia. Hakupunguza hata kidogo. Mimi nilikuwa nakanyagakanyaga pale mlangoni, natamani apunguze.

"Kibwana alikuwepo!" Mzee akafoka, mkono ukapiga kiti. "Nimemwona mimi kwa macho yangu! Wewe ulikuwa hujazaliwa! Aliiba, aliloga, alifukuzwa na Waislamu wenziwe! Nimeandika uongo?"

"Hujaandika uongo, baba. Najua alikuwepo. Na Mzee Hamisi fundi baiskeli naye si alikuwepo? Ulitusimuliaga mwenyewe. Siku bibi anaumwa, mvua inanyesha, watu wote wamejifungia, ni Hamisi aliyekupakia kwenye baiskeli yake mpaka misheni kumfuata padri. Yuko wapi Hamisi kwenye kitabu?"

Mzee aligeuza uso dirishani.

"Kitabu kizima Mwislamu ni mmoja, baba, na ni mchawi. Mtoto wa Kiislamu akikifungua, atakayejikuta humo ni yule tu."

Nikaingilia, nikasema, "Lakini mzee, kitabu chako kizuri sana. Pale kwa mama na kengele mie nimelia, mpaka mke wangu ni shahidi."

"Na pale kisimani?" akaniuliza.

"Pale nilipita tu, mzee."

"Kwa nini ulipita? Unatukanwa, unapita tu?"

"Niliambiwa macho yanakusumbua," nikajibu, na nilipolisikia likitoka nikaona lilivyo baya.

Mzee Revelian akatikisa kichwa polepole. Hasira ilikuwa imemtoka usoni na kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi kukitazama.

"Padri alisema kizuri," akasema. "Jumuiya wote, kizuri mzee, kizuri mzee. Huyu nimemtukana dini yake, naye anasema kizuri. Nyie wote mlikuwa mnamhurumia kipofu." Akanyoosha mkono, akapapasa hewani mpaka akakipata kichwa cha binti yake. "Hamisi nilimsahau, Koku. Mtu aliyelowa mvua kwa ajili ya mama yangu nimemsahau, nikamkumbuka mwizi. Na macho ya kumwandika sasa sina."

"Samahani, baba."

"Usiniombe samahani. Wewe peke yako ndiye uliyenisoma."

Madamu Koku akalia, safari hii kwa sauti, kichwa chake kikiwa magotini kwa baba yake. Mzee hakusema kwamba Jumamosi atakuja, wala hakusema kwamba hatakuja. Mimi nilitoka nje nikasimama kibarazani na kofia yangu mkononi. Marehemu baba yangu naye alikuwa na makosa yake, tena yanajulikana Kilwa nzima, na mimi nilimwambia kila siku kwamba hana kosa mpaka nikamzika.